Kompyuta, Fuso na Mwamba wa Lusaka: Lakabu za Wanasoka na Maisha ya Neno la Kiswahili

Kata ya Yakobi imo katika Halmashauri ya Mji wa Njombe, katika mkoa uliotengwa kutoka Iringa mwaka 2012. Jina la kata hiyo ni kitendawili kidogo cha isimu. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anamfahamu Yakobo, mwenye irabu o mwishoni, hamfahamu Yakobi. Irabu i ya Yakobi ni mabaki ya umbo milikishi la Kilatini, ambalo Wajerumani walilizoea katika majina ya makanisa yao. Wamisionari wa Berlin waliofika Ubena mwishoni mwa karne ya 19 waliandika Jakobi, na kwa kuwa J ya Kijerumani hutamkwa kama y ya Kiswahili, wenyeji walilipokea jina kama walivyolisikia. Kituo hicho kilishambuliwa mwaka 1905 wakati wa Vita vya Majimaji. Jina lilisalimika, na leo hutajwa na watu ambao wengi wao hawana haja ya Kilatini wala Kijerumani.

Jina la mahali kama hilo, hata likiwa dogo, hatimaye humpata mwanaisimu au mwanahistoria wa kulifuatilia, kwa sababu limeandikwa katika ramani, katika kumbukumbu za kanisa na katika faili za serikali. Jina la utani la mchezaji wa mpira halina bahati hiyo. Huzaliwa uwanjani au redioni, hutamkwa na mamilioni ya watu kwa miaka kumi au ishirini, kisha hufifia pamoja na masikio yaliyolisikia kwanza. Kamusi hazilipokei kwa kuwa ni jina la pekee. Vitabu vya sarufi hupenda mifano iliyotulia, na wanafunzi wa onomastiki huelekea zaidi kwenye majina ya ukoo, ya mahali na ya wahusika wa fasihi. Matokeo yake ni kwamba mojawapo ya viwanda vikubwa vya uundaji wa maneno katika Kiswahili cha Tanzania, kiwanda kisicho na kamati wala bajeti, hakijaandikiwa daftari la kutosha. Mhadhara huu unakusudia kufungua kurasa chache za daftari hilo.

Istilahi

Kiswahili kina maneno matatu yanayogombania dhana hii. Lakabu, lenye asili ya Kiarabu, ndilo linalopendwa na wanazuoni. Jina la msimbo ni usemi wa zamani ambao siku hizi umepungua nguvu, hasa baada ya neno msimbo kupewa kazi nyingine katika taaluma ya habari na mawasiliano. Jina la utani ndilo la watu wote, na ndilo lenye mambo mengi ndani yake.

Utani, kama inavyojulikana, si mzaha wa hivi hivi. Ni uhusiano wa kijamii wenye haki na wajibu, kama ule unaotajwa kati ya Wangoni na Wahehe, ambapo jamii zilizowahi kupigana zilijipatia njia ya kusemana maneno makali bila kuumizana. Mtani ana ruhusa ya kukuita jina ambalo mtu mwingine angelitamka ugomvi ungezuka. Ana pia wajibu wa kukuzika. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na uteuzi huo wa maneno haukuwa wa bahati nasibu. Kwa hiyo anayesema jina la utani anasema zaidi ya anayesema lakabu: anadokeza kwamba jina hilo limetolewa na mtu mwenye ruhusa, na kwamba anayeitwa hana haki ya kukasirika. Katika mhadhara huu maneno yote mawili yanatumika, lakini tofauti hiyo ifaa ikumbukwe.

Sikio kabla ya jicho

Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Kabla ya hapo Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini shabiki wa Yakobi, wa Makambako au wa Ludewa aliijua ligi kwa njia moja kuu, nayo ni Radio Tanzania Dar es Salaam. Watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary walikuwa macho ya nchi nzima. Mtangazaji alikuwa na sekunde chache za kumweleza msikilizaji nani ana mpira, anakwenda upande gani, na ni mtu wa namna gani. Jina la kuzaliwa hujibu swali la kwanza peke yake. Jina la utani huweza kujibu yote matatu.

Hali ya majina yenyewe iliongeza haja hiyo. Majina ya wanasoka wengi wa Tanzania hutokana na fungu dogo la majina ya Kiislamu na ya Kikristo, na desturi ya kutumia jina la baba kama jina la pili hufanya majina yarudierudie. Mohamed Hussein aliyekuwa mfungaji hodari wa miaka ya 1990 alijulikana kwa jina la Mmachinga. Mohamed Hussein aliyekuja kuwa beki wa kushoto wa Simba anajulikana kwa jina la Tshabalala. Ukiondoa lakabu hizo, mwandishi wa historia ya soka atajikuta na mtu mmoja aliyecheza katika vizazi viwili na katika nafasi mbili zisizofanana. Omar Hussein wa Yanga naye alikuwa Keegan. Akina Hussein watatu, na kila mmoja ana nchi yake: mmoja Lindi, mmoja Afrika ya Kusini, mmoja Uingereza.

Jambo hili halimshangazi mtu aliyekulia Njombe. Katika kijiji ambamo nyumba nyingi ni za akina Mgaya, Mlowe, Mwalongo au Nyagawa, na ambamo majina ya ubatizo nayo hujirudia, jina la utani si pambo. Ni chombo cha kazi, kama anwani ya posta. Uwanja wa mpira umechukua desturi ya kijiji na kuipigia kipaza sauti.

Kompyuta

Kama ipo lakabu moja inayostahili ukurasa wake katika historia ya msamiati wa Kiswahili, ni hii. Sunday Manara wa Yanga, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1970 alikwenda kuichezea Heracles ya Uholanzi na hivyo kuwa miongoni mwa Watanzania wa kwanza kabisa kucheza soka Ulaya, aliitwa Kompyuta. Jina lilimsifu kwa mpira uliochezwa kwa hesabu: pasi iliyofika pale ambapo mwenzake atakuwapo, si pale alipo.

Mazingira ya jina hilo ni ya ajabu. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya kutoridhishwa na faida yake ikilinganishwa na gharama. Katika muongo huohuo jina la mashine hiyo likatamkwa viwanjani na redioni, likiwa limevaa jezi. Mamia ya maelfu ya Watanzania walilijua neno kompyuta kama sifa ya binadamu miaka mingi kabla ya kukiona kifaa chenyewe. Walijua kwamba kompyuta ni kitu kinachofikiri haraka na kisichokosea. Hawakujua kina umbo gani.

Wapangaji wa lugha baadaye walileta mapendekezo mengine. Ngamizi ilipendekezwa; tarakilishi ilipendekezwa, na nchini Kenya ikapata watumiaji waaminifu hasa katika vitabu vya shule. Hata hivyo, katika Tanzania neno kompyuta ndilo lililoshika. Sababu ni nyingi, na itakuwa kutia chumvi kusema kwamba Manara ndiye aliyelishinda neno ngamizi. Lakini si kutia chumvi kusema kwamba neno lilipofika rasmi, lilikuta kiti chake kimekwisha kupashwa moto.

Somo la kisarufi lililomo humo ni kubwa zaidi. Nomino ya kifaa, iliyo katika ngeli ya i-/zi-, ikishakuwa jina la mtu huacha upatanisho wake wa kwanza. Kompyuta ya ofisini *inatoa* karatasi. Kompyuta wa Yanga *anatoa* pasi. Hakuna shabiki, hata asiyejua kusoma, anayekosea hapo. Vivyo hivyo kwa mwamba: mwamba wa mlimani *umepasuka*, lakini Mwamba wa Lusaka *amefunga*. Wanafunzi wanaotafuta ushahidi kwamba upatanisho wa Kiswahili huongozwa na uhai wa kinachotajwa, na si na umbo la nomino peke yake, hawana haja ya kubuni sentensi mezani. Wafungue redio siku ya Jumamosi. Wingi nao una kanuni yake: hakuna mtu asemaye *Makompyuta* kwa maana ya Manara na wenzake, husemwa *akina Kompyuta*, kama isemwavyo akina Juma.

Maumbo

Njia za kuunda lakabu ni nyingi, na baadhi yake hazihitaji maelezo marefu. Kuna sifa ya moja kwa moja ya kazi: Method Mogella aliitwa Fundi, na Charles Boniface Mkwasa aliitwa Master, maneno mawili ya lugha mbili yanayokutana katika maana ya mtu aliyeiva katika ujuzi wake. Zamoyoni Mogella alikuwa Golden Boy, ingawa mwenye sikio la Kiswahili atakubali kwamba mtu ambaye jina lake la kuzaliwa ni Zamoyoni hakuhitaji kukopa chochote kwa Waingereza. Kuna cheo: Juma Kaseja, kipa wa Simba iliyowatoa Zamalek ya Misri katika mashindano ya klabu bingwa Afrika mwaka 2003, aliitwa Tanzania One. Hilo lilikuwa jina la kiti zaidi kuliko jina la mtu, kwani baada yake magazeti yalimpa pia Aishi Manula.

Kuna mashine. Shadrack Nsajigwa, beki wa kulia na nahodha wa Yanga, aliitwa Fuso. Makambako ni mahali pazuri pa kuielewa lakabu hiyo. Hapo barabara kuu ya kwenda Zambia huachana na ile ya Njombe na Songea, reli ya TAZARA hupita, na malori ya Fuso hupakia mbao, viazi na mahindi usiku na mchana. Mtu wa Makambako akisikia kwamba beki fulani ni Fuso haelezwi kitu kigeni: anaelewa uzito, anaelewa kuvumilia mlima, na anaelewa pia kwamba si busara kusimama mbele yake. Sitiari hufanya kazi pale tu ambapo msikilizaji amewahi kuguswa na kile kinacholinganishwa. Kwa upande wa utamkaji Fuso ni zawadi, maana kila silabi yake imeishia kwa irabu; limeingia katika Kiswahili bila kubadilishwa hata sauti moja.

Jumanne Hassan, mmoja wa wafungaji katika ushindi wa Simba wa mabao 6 kwa 0 dhidi ya Yanga mwezi Julai mwaka 1977, alijulikana kama Masimenti. Kamusi hupendekeza saruji; mtaa ulichagua simenti, ukaiongezea ma-. Kiambishi hicho hakihesabu mifuko. Kinazidisha, kama katika *mavumbi* au *majigambo*. Katika ushindi huohuo Abdallah Kibadeni alifunga mabao matatu, naye alikuwa na majina mawili ya sifa, King na Mputa, na yote mawili yaliendelea kumfuata alipokuwa kocha.

Mfano mzuri zaidi wa kucheza na ngeli ni wa karibuni. Feisal Salum, kiungo kutoka Zanzibar, huitwa Fei Toto. Sehemu ya kwanza ni ukatizaji wa Feisal. Ya pili ni mtoto aliyevuliwa m- na kuhamishiwa ngeli ya ukubwa. Toto laweza kuwa kejeli: jitu zima lenye tabia za kitoto. Laweza pia kuwa mapenzi ya mama kwa mwanawe mnene. Hapa ni mapenzi, na hakuna kiambishi kinachoonyesha hivyo. Ni toni ya sauti na muktadha. Sarufi nyingi huandika kwamba ngeli hiyo hutumika kwa ukubwa na dharau, kisha zikanyamaza. Fei Toto anazidai sarufi hizo mstari mmoja zaidi.

Mbwana Samatta, aliyechaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 2015 miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara, aliitwa Samagoal. Huo ni uhulutishaji safi: kipande cha Samatta kimeunganishwa na neno la Kiingereza lenye maana ya bao. Hamisi Gaga aliitwa Gagarino, na hapo sauti ya jina la mtu ndiyo iliyoita sauti ya jina lingine, lile la Gagarin, mwanaanga Mrusi aliyeizunguka dunia mwaka 1961. Kisha kiishio -o kikalipa jina mwendo wa Kilatini. Jonas Mkude aliitwa Nungunungu, mnyama mwenye miiba ambaye jina lake la uradidi hufurahisha mdomo hata kabla ya maana kufika.

Halafu yapo majina ya kuazima watu. Nadir Haroub alipokea jina la Cannavaro, nahodha wa Italia iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 2006. Haruna Moshi akawa Boban, Kelvin Yondani akawa Vidic. Mohamed Hussein alipata jina la Siphiwe Tshabalala, mfungaji wa bao la kwanza la Kombe la Dunia la 2010 kule Johannesburg. Kwa mtazamo wa haraka majina haya ni ya kivivu: kuna mtu hodari mbali, kuna mtu hodari hapa, basi. Lakini yanatunza tarehe kuliko aina nyingine yoyote. Keegan ni wa enzi ya magazeti yaliyochelewa na redio za masafa mafupi. Boban ni wa miaka ambayo ligi ya Italia ilitawala mawazo. Tshabalala ni wa mwaka ambao Kombe la Dunia lilifika Afrika kwa mara ya kwanza. Mtafiti akiyapanga kwa mfuatano atapata historia ya vyombo vya habari nchini bila kufungua kitabu cha historia. Hata Ninja, jina la Salum Kabunda, lina harufu ya filamu za Mashariki ya Mbali na vibanda vya video. Baada ya miaka mingi mchezaji mwingine, Abdallah Shaibu wa Yanga, naye akaitwa Ninja, wakati vibanda hivyo vimekwisha kugeuka kuwa vya kuonyeshea mpira wenyewe.

Cannavaro anastahili maelezo ya ziada. Magazeti humwandika Nadir Haroub 'Cannavaro', lakabu ikiwa ndani ya alama za mnukuu, kwa n mbili za Kiitaliano. Midomoni ni Kanavaro, silabi nne zilizo wazi, kama *Makambako*. Alama hizo za mnukuu ni desturi ya uandishi wa michezo ambayo haijapata nafasi katika miongozo ya tahajia, ingawa wasomaji huziona kila siku. Zina kazi maalumu: zinamwambia msomaji kwamba jina hili si la cheti cha kuzaliwa, na wakati huohuo zinakiri kwamba bila jina hili cheti hakitamsaidia.

Urithi

Kwa desturi lakabu hufa na mwenyewe. Mtoto wa Fuso si Fuso. Ndiyo maana kisa cha Sure Boy kina uzito. Abubakar Salum, winga wa Yanga wa miaka ya 1980, alijulikana kwa jina hilo. Mwanawe, Salum Abubakar, akatokea kuwa kiungo wa Azam na baadaye Yanga, naye akaitwa Sure Boy. Majina ya vyeti yamegeuzwa kichwa chini, kama ilivyo kawaida pale mtoto anapopewa jina la babu. Lakabu imebaki wima. Kwa watu waliowaona wote wawili, Sure Boy limeanza kufanya kazi ya jina la ukoo. Historia ya majina ya ukoo duniani imejaa lakabu zilizoganda namna hiyo, na ni nadra mwanaisimu kupata nafasi ya kuliona moja likiganda mbele yake.

Timu na lugha za nyumbani

Lakabu za timu zimefanya kazi ambayo sera ya lugha haikuiagiza: zimezipa lugha za makabila mahali pa kusimama ndani ya Kiswahili cha kitaifa. Coastal Union ya Tanga ni Wagosi wa Kaya, yaani wanaume wa nyumbani, kwa lugha za Tanga. Kagera Sugar ni Wanankurukumbi. Lipuli ya Iringa ni Wanapaluhengo. Majimaji ya Songea ni Wanalizombe, kutokana na ngoma ya lizombe ya Wangoni. Tazama li- ya lizombe: Kiswahili kimeipoteza li- hiyo katika nomino nyingi za ngeli yake, lakini Kingoni, kama Kibena cha Yakobi, bado kinayo. Msomaji wa gazeti wa Bukoba au wa Pemba hutamka *Wanalizombe* bila kusita, na bila kujua ametamka kiambishi ambacho lugha yake ilikitupa zamani. Timu zisizo na kabila nazo hujiundia: Mtibwa Sugar ni Wakata Miwa, nomino ya mtenda na yambwa kama *mpiga ngoma*, Tanzania Prisons ni Wajelajela, uradidi wenye kicheko ndani yake.

Njombe Mji ilipopanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2017/18, uwanja wa Sabasaba ulipokea kwa mara ya kwanza majina ambayo Wabena walikuwa wameyasikia redioni tu. Timu ilishuka mwisho wa msimu, pamoja na Majimaji. Msimu mmoja ni muda mfupi mno kwa lakabu kuota mizizi katika nchi nzima, na hilo ni hasara ya kiisimu, kwa kuwa Kibena hakijapata neno lake katika safu ile ya Wagosi na Wanalizombe.

Yanga yenyewe ni lakabu iliyomeza jina. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1935 huandikwa Young Africans. Neno la kwanza lilitoholewa likawa Yanga, na leo hata viongozi wake hutumia umbo hilo. Mtani wake, aliyeitwa Sunderland hadi mwaka 1971, alibadili jina kwa uamuzi, akawa Simba. Njia mbili za kufika Kiswahili: moja ya ulimi wa watu, nyingine ya kikao. Zote zimefanikiwa.

Katikati ya miaka ya 1970 Yanga iligawanyika. Waliobaki waliitwa Kandambili, waliojitenga na kuunda Pan African waliitwa Raizoni. Kandambili ni ndala za mpira za mtu wa kawaida; raizoni vilikuwa viatu vya soli nene vya vijana wa wakati huo waliojiona wameendelea. Mgogoro mzima wa umri, hali ya maisha na nani mwenye klabu ulielezwa kwa jozi mbili za viatu. Kandambili lilikuwa dhihaka, na baadaye wenyewe wakalivaa kwa fahari. Vyura na Mikia, matusi ya kitani ambayo mashabiki wa pande hizi mbili wametupiana kwa miaka, hayajafika huko. Si kila tusi hukubali kuvaliwa.

Kriketi

Ulinganisho na kriketi unasaidia kuona nini ni cha Kiswahili na nini ni cha michezo yote. Mchezo huo una utajiri mkubwa wa lakabu. Michael Holding wa West Indies aliitwa Kifo Kinong'onacho, kwa sababu mwamuzi hakusikia hatua zake akija kutupa mpira. Rahul Dravid wa India alikuwa Ukuta. Shoaib Akhtar wa Pakistan alikuwa Treni ya Kasi ya Rawalpindi, muundo uleule wa Mwamba wa Lusaka, jina ambalo Simba ilimpa Mzambia Clatous Chama: kitu chenye nguvu, kisha mji wa asili. Glenn McGrath wa Australia aliitwa Njiwa kwa ajili ya wembamba wa miguu yake, mzaha ambao mtani yeyote wa Njombe angeuelewa.

Lakini ipo aina moja ambayo haivuki mpaka wa lugha. Mark Waugh wa Australia alisubiri hadi mwaka 1991 kuchezea timu ya taifa katika mechi za siku tano, ilhali pacha wake Steve alikuwa ameanza mwaka 1985. Wakamwita Afghan. Kwa Kiingereza Waugh na neno la vita hutamkwa karibu sawa, na vita vya Afghanistan vilionekana kuwa vita vilivyosahauliwa. Mark alikuwa Waugh aliyesahauliwa. Likifasiriwa, jina hilo hufa. Gagarino ndiye ndugu yake wa Kiswahili.

Tanzania yenyewe ina kriketi, na wachezaji wake walikuwamo katika timu ya pamoja ya Afrika Mashariki iliyoshiriki Kombe la Dunia la kwanza, Uingereza, mwaka 1975, na kupoteza mechi zake zote tatu. Hata hivyo, mchezo huo haukuzaa lakabu zilizoenea katika Kiswahili. Kwa miongo mingi ulichezwa zaidi katika klabu za jamii ya Waasia na katika viwanja vya Gymkhana, nao haukupata sauti ya Kiswahili redioni. Vipaji vilikuwapo, kilichokosekana ni mtangazaji anayewahi pumzi.

Herufi na namba

Katika miaka ya karibuni aina mpya imeingia: MK14 kwa Meddie Kagere, BM3 kwa Bernard Morrison. Ni herufi za majina na namba ya jezi, zinazofaa kuuzia fulana na kuandikwa kwenye simu. Haziwezi kuitwa makosa. Lakini ni maskini. Haziimbiki, hazitaniki, hazina ngeli ya kuchezea, na zingekuwa zilezile kama Kiswahili kisingekuwapo. Faraja ni kwamba kiwanda cha zamani hakijafungwa. Fiston Mayele, mshambuliaji kutoka Kongo, alipokuwa Yanga alishangilia mabao kwa kutetema, na mara akawa Mzee wa Kutetema, ingawa alikuwa kijana. Muundo huo wa *mzee wa* pamoja na kitenzi-jina umekuwa kalibu: Ruvu Shooting nao walikuwa Wazee wa Kupapasa. Mzee humo hana umri, ana mazoea.

Hadithi baada ya jina

Ugumu mkubwa wa utafiti huu ni kwamba hadithi ya jina mara nyingi huzaliwa baada ya jina. Mmachinga ni onyo tosha. Wengi husimulia kwamba neno machinga limetokana na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya kijana anayetembea kwa kasi. Simulizi hilo ni tamu na halina msingi. Wamachinga ni kabila la Lindi. Vijana wa kusini waliokwenda Dar es Salaam kuuza bidhaa mikononi waliitwa kwa jina la kwao, kisha jina likapanuka likamfunika kila mchuuzi wa mtaani, awe Mmachinga, Mgogo au Mbena. Asili ya neno inajulikana. Lakini swali la kwa nini mchezaji fulani alipewa neno hilo, na nani, na siku gani, ni swali jingine kabisa, na kamusi haiwezi kulijibu.

Kwa hiyo anayekusanya lakabu aandike mambo mawili kwa kalamu mbili: asili ya neno, na tukio la kuita. La kwanza hungoja, maktaba ipo. La pili liko kwa wazee waliokaa karibu na redio ya betri huko Yakobi, wakamjua Kompyuta kwa sauti miaka ambayo hapakuwa na kompyuta wala televisheni ya kumwonyesha, na ambao hadi leo, wakiulizwa jina lake la kwanza, hufikiri kidogo kabla ya kujibu.